Deni la Hashil, Nyumba ya Mwanatumu

Wanaume walipomtoa Hashil kwenda kumzika, Mwanatumu mkewe alibaki chumbani na wanawake wenzake, amejifunika kaniki hadi usoni. Homa ilikuwa imemmaliza mumewe kwa siku nne. Mwaka ule, vita vilipokwisha tu, homa hiyo ilishuka Voi na gari la moshi ikapita mlango kwa mlango, na watu walikuwa wakitoka maziko haya wakiingia mengine.

Huko makaburini, kabla ya sala, Mbaruk, kaka yake Mwanatumu, akasimama mbele ya watu. Akasema yale yanayosemwa kwa kila maiti: anayemdai marehemu amsamehe, na asiyeweza kusamehe aje kwake, deni liko juu yake yeye Mbaruk. Alikuwa fundi cherehani, mzee wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa kanzu na kaptura za makarani wa reli. Alisema vile akifikiria deni la sukari, au la mafuta ya taa. Nani angemlaumu? Watu wenye adabu zao ndivyo wafanyavyo.

Siku ya tatu, khitma imesomwa na mikeka haijakunjwa, Miraj akapiga hodi.

Miraj alikuwa na duka la nguo na nafaka karibu na stesheni. Hakuwa mtu mbaya, nami sitamsingizia. Alikaa barazani, Mwanatumu akiwa ndani nyuma ya pazia, maana alikuwa ameanza eda: miezi minne na siku kumi hatoki nje, wala hasemi na mwanamume asiye wa damu yake ila kwa dharura.

"Pole sana, mama," Miraj akasema. "Ningalingoja, lakini Mbaruk ametangaza mbele ya watu, nikaona niseme mapema. Marehemu alinikopa rupia mia tatu na hamsini. Rehani ni nyumba."

"Nyumba ipi, Bwana Miraj?"

"Hii. Hii mliyomo."

Mwanatumu akashika pazia. Nyumba ile haikuwa ya Hashil! Kiwanja alikipata baba yake, aliyekuwa mpishi wa mainjinia reli ilipokuwa ikijengwa. Kabla hajafa alikwenda kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akaandikisha jina la bintiye. "Mbaruk ni mwanamume, atajitafutia," alisema. Hashil aliingia mle akiwa bwana harusi, na sanduku moja la nguo. Lakini nendeni sokoni mkaulize! Mji mzima uliita pale kwa Hashil. Miraj naye aliamini hivyo hivyo, na Hashil, Mungu amrehemu, akamwacha aamini.

"Alizitaka za nini?" Mwanatumu akauliza.

"Ng'ombe, mama. Wale wa kukokota gari. Walikufa wote kwa mbung'o kabla ya kufika kilima cha Salaita."

Hapo akaelewa. Wakati wa vita Hashil alinunua ng'ombe wanane, akawa anapeleka mizigo ya jeshi upande wa Taveta. Siku moja akarudi kwa miguu, akasema amewauza kwa faida, na kanga mpya akamletea. Kumbe hakuuza hata mmoja. Na yeye mjinga akajifunga zile kanga akapita nazo mtaani, anajiona mke wa tajiri!

"Hashil, Hashil, umenifanyia nini?" akasema peke yake, Miraj alipokwisha kwenda. Alimwonea hasira kali, kisha akaogopa, maana alifundishwa tangu utotoni kwamba roho ya mtu hufungwa na deni lake mpaka lilipwe. Yule aliyemkasirikia huenda wakati ule ule alikuwa taabuni. Akaomba toba, akalia, akakasirika tena.

Ukamwanzia wasiwasi usio na mwisho. Kutoka hawezi, kwenda kwa Bwana Shauri hawezi, kukaa nako ni kusikiliza tu. Nyayo zikipita barazani, moyo unamruka. Asubuhi moja akasikia watu wanagonga ukuta wa nje na kuitana namba. Wanapima! Wamekuja kupima nyumba! Akajibanza ufani mwa dirisha, jasho linamtoka, akachungulia: walikuwa vibarua wa reli wanapima mtaro wa maji. Akacheka mwenyewe, kicheko kikamgeukia kilio.

Aliyemsaidia ni jirani yake Tryphena, mwanamke Mdawida kutoka milimani, mume wake mfanyakazi wa reli. Tryphena alifundishwa kusoma na wamisionari, na alikuwa na mdomo usiojua kunong'ona.

"Lete hiyo karatasi ya kiwanja," akasema. Akaisoma akifuata mstari kwa kidole. "Jina ni lako, mama. La Hashil halimo hata kwa dawa. Sasa unahema nini, kama mtu amepanda mlima wa kwetu?"

"Miraj naye ana karatasi, dada."

"Ya Hashil hiyo. Wewe uliweka dole gumba?"

"Sikuweka. Hata sikujua."

"Basi nyumba yako, deni yake. Nipe nipeleke ofisini."

Akaipeleka. Karani akamwambia arudi Jumatatu, Jumatatu akaambiwa Alhamisi, na Bwana Shauri akawa amesafiri. Mwezi ukapita hivyo. Mwanatumu alikuwa akila kidogo tu, tena kwa kulazimishwa. Mbaruk mwanzoni alikuja kila siku. Alikaa kwenye kiti kando ya mlango, akimtazama dadake. "Wewe tulia na eda yako," ndilo neno lake. "Hili si lako." Mwanatumu hakuuliza lingekuwa la nani. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye kuta zile nne, na Mbaruk alipoanza kupitisha siku mbili tatu bila kuonekana, kisha asionekane kabisa, akadhani ana kazi nyingi za kushona.

Mwezi wa pili umeingia katikati, Tryphena akaja mbio, anaanza kuongea angali uani.

"Mama! Imekwisha! Wamemwita Miraj mbele ya Bwana Shauri. Wamesema hivi: mtu haweki rehani mali si yake. Nyumba ni ya Mwanatumu, haiguswi. Miraj akitaka, adai katika mali ya marehemu."

"Mali gani? Ameacha gari bovu na koti!"

"Basi achukue koti!" Tryphena akacheka, akapiga makofi, akataka kucheza pale pale, kisha akakumbuka yuko nyumba ya msiba.

Mwanatumu alisujudu. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa. "Nenda kwa Mbaruk," akasema, "umwambie nyumba ya baba imepona."

Tryphena akaacha kucheka.

"Kwani hawakukuambia?" akauliza. "Kakako hayuko Voi. Wiki tatu sasa yuko Mwatate, shamba la mkonge. Ameweka mkataba miezi sita anakata mkonge. Ile malipo ya mbele yote amempa Miraj. Na cherehani ameuza. Alisema yeye aliapa makaburini, na neno la makaburini Bwana Shauri hawezi kulifuta."

Mwanatumu akabaki anatazama sakafu. Mbaruk! Mtu wa kukaa, macho mabovu, mikono haijashika panga maisha yake. Na yeye alikuwa mle ndani akihesabu mabati, asijiulize hata mara moja kwa nini kaka yake anakonda.

"Niitie Miraj," akasema.

Miraj akaja, akakaa barazani kama mara ile ya kwanza.

"Mama, mimi sikumlazimisha," akaanza, kabla hajaulizwa. "Alikuja mwenyewe. Nilimwambia asubiri, hakutaka."

"Utamsamehe marehemu?"

Miraj akatikisa kichwa. "Ningekuwa na uwezo ningesamehe leo. Nami nadaiwa Mombasa, na wale hawanisamehi."

"Basi andika upya. Jina langu, na rehani nyumba hii."

"Lako? Mama, umeshinda! Bwana Shauri amekutoa kabisa. Huna unalodaiwa wala hapa wala mahali popote."

"Nimesikia. Andika. Chumba changu cha mbele kinatazama barabara. Utakitia magunia yako bila kunipa fedha, na kodi ya kila mwezi utakuwa unaikata katika deni mpaka liishe. Fedha aliyokuletea Mbaruk utairudisha Mwatate, wamwachie aje zake. Na kabla sijaweka dole, ntakutaka useme mbele ya Tryphena kwamba Hashil humdai."

"Deni kubwa, mama. Itakuwa miaka sita, pengine saba."

"Na iwe saba."

Miraj akakohoa. "Hashil simdai," akasema. "Namtoa katika deni langu, hapa duniani na kwa Mungu. Tryphena, umenisikia?"

"Nimesikia," Tryphena akasema kwa sauti ndogo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Karatasi ikapitishwa chini ya pazia na wino, Mwanatumu akaweka dole gumba. Mara hofu ile ile ikamrudia, maana sasa nyumba ingeweza kuchukuliwa kweli, na kwa haki.

Mbaruk alirudi siku ya nne, kwa miguu, vumbi hadi nyusi. Yeye ni ndugu, akaingia moja kwa moja. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka na kuvimba, vidole havikunjiki.

"Umefanya nini?" akafoka. "Nyumba ya baba! Ilikuwa imeshapona! Nani alikuambia uitie tena kitanzi shingoni?"

"Nimelipa deni lako."

"Deni langu? Lile lilikuwa la Hashil!"

Mwanatumu akamshika mikono, akaigeuza taratibu, akaitazama.

"La Hashil lilikwisha siku ile uliposimama makaburini, kaka," akasema. "Na wewe ulikuwa unamsitiri mume wangu."

Mbaruk akaketi kwenye kile kiti chake kando ya mlango. Nje, wapagazi wa Miraj walikuwa wamekwisha kuanza kuingiza magunia.