Zimwi la Kokugonza Lavuka Mto

Kokugonza wa Nyakasimbi alikuwa na mdomo mpana. Watu wa Kamuli, kijiji kingine, walisema akipiga mwayo, ng'ombe wao hudhani zizi limefunguliwa. Yeye alikana: eti walikuwa ndama tu.

Mdomo huo ndio uliokuwa zimwi lake. Jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, watoto wa jirani walijazana kwenye nyasi zilizotandazwa nyumbani mwake. Hadithi ikifika pale zimwi linapommeza binti mchunga ndama, Kokugonza aliachama, akamkamata mtoto wa karibu, akamtekenya mpaka kilio kikageuka kicheko. Hivyo ndivyo watoto wa pale walivyofundwa hofu: kwanza meno, kisha mbavu.

Lakini binti yake, Edvina, alikuwa amemfuata mumewe ng'ambo ya mto Kagera, kulima kwa Waganda. Huko akazaa watoto watatu ambao Kokugonza hakuwahi kuwatia machoni. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Kokugonza alimuuliza kila aliyerudi kutoka huko, "Wananijua?" Wao walimjibu kwa habari za mavuno.

Siku moja alimkuta katekista Placidius akionyesha picha za jehanamu, moja baada ya nyingine, na watundu wote wametulia tuli. Mahubiri hayakumwingia hata chembe; picha zilimwingia. Alirudi nyumbani, akatwaa nguo ya magome ya mti, akaikunja mikunjo, akachanganya masizi ya chungu na utomvu, akachora. Kila mkunjo kipande cha hadithi: binti na ndama, msitu, nyayo kubwa, zimwi. Zimwi alilipunguza kucha, maana wasomaji, wajukuu zake, walikuwa wadogo. Katika mkunjo wa kwanza alijichora mwenyewe, ameketi, ameachama, anasimulia.

"Bibi, hii ni nguo au balaa?" aliuliza Saleh, mchuuzi wa vitambaa wa Kayanga, alipokabidhiwa mzigo aupeleke Masaka kwa Edvina.

"Ni mimi huyo. Usiikunjue mchana. Hadithi hazisimuliwi mchana, utaota pembe."

"Nikiota nitaziuza."

Miezi ikapita. Saleh aliporudi alitoa shikamoo, akanywa maziwa, akaisifu mvua.

"Mvua naiona, mwanangu," alisema Kokugonza. "Niambie nisichokiona."

"Zimwi wamelipenda. Wanalilisha ndizi." Saleh akatazama kibuyu cha maziwa. "Wanayemwogopa ni yule bibi wa mwanzo. Mdogo hakulala. Edvina ameushona ule mkunjo, usifunguke."

Kokugonza akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha kicheko kikaisha, mabega yakaendelea.

Picha haitekenyi. Hilo hakuliwaza.

Akaleta nguo nyingine ya magome, akaitandika mbele ya mgeni wake. Akajichora amefumba mdomo. Ikatoka sura ya wifi yake, mchoyo wa chumvi. Akaufungua tena mdomo, mpana kama Mungu alivyoukata. Safari hii aliacha nafasi ya mtoto ubavuni, chini ya mkono.

"Wakoje?" aliuliza.

"Ni watoto tu, bibi."

"Watoto tu hata mbuzi anao. Mdogo ana paji la mama yake?"

Saleh alifikiri sana. Paji hakulikumbuka. Alikumbuka kwamba mdogo ana pengo, na akitembea, vidole vya miguu hutazamana kama vinasengenya.

"Vinatazamana," Kokugonza alirudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu.

Akachovya kidole katika masizi. Akaanza na miguu.