Kungumanga ilivyonipanda katikati ya hina ya bibi harusi, Faza

Wakuu, natumai mko salama.

Nitakayoandika hapa ni kweli tupu, na yalinipata mimi mwenyewe. Siyo yale ya "kuna rafiki yangu mmoja". Rafiki ni mimi.

Najua mkisikia uzi wa kuona vitu visivyokuwepo mnafikiria uyoga wa wazungu au zile karatasi za kuweka chini ya ulimi. Mimi nililewa kwa kiungo cha jikoni. Kungumanga. Ile ile ya kwenye pilau na halua ya mama zenu.

Kwanza mnijue kidogo.

Naishi Langoni, Lamu mjini. Nina miaka ishirini na tatu na kazi yangu ni kuchora hina. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu, nikachora machungwa, nikachora mapaja yangu mwenyewe, nikachora mguu wa bibi yangu akiwa amelala hadi akaamka na kunifukuza.

Tatizo langu ni kwamba sipendi kosa. Jani likiwa kubwa kuliko mwenzake kwa unywele, nalifuta. Na nikijua kazi ni muhimu, mkono wangu wa kulia hutetemeka. Nikiwaza usitetemeke, ndiyo huzidi.

Sasa ikaja kazi ya Faza, kisiwani Pate. Bibi harusi wangu wa kwanza. Kabla yake nilikuwa wa wasichana wa Idi tu.

Bibi harusi anaitwa Rukia. Kwetu bibi harusi akishapambwa, wanawake wa mji mzima huja kumtazama. Hawatazami uso tu. Wanamshika mkono, wanaugeuza, wanausogeza karibu na taa. Halafu wanauliza kwa sauti, mbele ya watu, "Nani kachora?"

Jina langu lingekuwa jibu la swali hilo, na hina haina delete. Ukikosea, bibi wa watu anakaa na kosa lako wiki mbili za mwanzo wa ndoa yake.

Wiki nzima sikulala vizuri.

Hapo ndipo nikakumbuka kungumanga. Mtu wa pwani anajua: harusini wanawake huitia kidogo kwenye uji au kahawa ili watu wachangamke na aibu iwatoke. Nikasoma pia mtandaoni, mtu anasema inatuliza nerves. Nikajisemea, Salma, hii ndiyo dawa yako.

Asubuhi ya safari nikaikwaruza, nikainywa na maziwa kabla ya alfajiri. Mtaniuliza kiasi gani. Sisemi, nawajua nyinyi.

Saa moja ikapita. Kimya. Nikanyoosha mkono, unatetemeka vile vile. Kwenye boti nikaongeza, nilikuwa nimebeba nyingine kwenye kichupa. Tukafika Faza, bado kimya. Nikasema basi hii kungumanga ni ya zamani, imekufa nguvu.

Nyumbani kwa kina Rukia nikapokewa na Bi Maimuna. Huyu ndiye somo wake, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi mambo ya ndoa. Mama mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujafika mlangoni. Akaniletea uji.

"Kunwa, mwanangu. Mchoraji mwenye ndaa huchora maua yenye ndaa."

Ndaa ni njaa, kwa sisi wa huku. Nikaonja. Kungumanga.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu. Mgeni hakatai kitu kwenye nyumba ya harusi, ni aibu kubwa. Na kusema "nimeshakula nyingine mara mbili" ilikuwa ni kukiri kwamba nina woga. Nikanywa bakuli zima. Nikaongezewa. Nikanywa.

Mkono wa kulia wa Rukia niliuchora vizuri ajabu. Sijisifu, picha ninayo. Tukaswali adhuhuri, tukala, nikaanza wa kushoto.

Kwanza mdomo ukakauka. Siyo kiu, ni kama nimelamba unga mkavu. Nikanywa maji, nikanywa tena, ulimi bado umeganda juu.

Halafu nikahisi miguu yangu iko mbali. Niliiona pale kwenye mkeka, lakini kama miguu ya jirani.

Halafu ua nililomaliza kwenye kiganja cha Rukia likavuta pumzi.

Nikasimamisha koni ya hina. Nikalitazama. Likavuta tena, taratibu, petali zikafunguka na kufunga. Nikaanza kucheka.

"Wateka nini?" Rukia akaniuliza.

"Ua lako linapumua."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Walidhani ni utani wa mchoraji. Rukia naye akacheka mpaka mkono ukatikisika, na mimi nikaona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona duniani, mkono unaocheka.

Jamani, ile raha siwezi kuidanganya. Woga wote uliondoka. Kwenye leso ya Bi Maimuna zile korosho za pindoni ziliondoka moja moja zikatembea kwa foleni, zina adabu, hakuna inayosukuma mwenzake. Mzabibu niliokuwa nachora ukaanza kukua wenyewe kupanda mkono wa Rukia. Mimi nilikuwa naufuata tu na koni nisije nikaachwa.

Nikadhani nimechora mpaka Magharibi. Nikatazama simu. Dakika nne.

Hapo ndipo moyo ulipoanza.

Ulikuwa unapiga kwenye masikio, kwenye meno, hadi kwenye vidole. Nikawaza, nakufa. Nitafia Faza nikiwa nimeshika koni. Kisha nikawaza jambo la kijinga zaidi: nikifa sasa, mkono wa kushoto utabaki haujaisha. Nikaendelea kuchora haraka ili niwahi kifo. Na bado nacheka, maana kicheko kilikuwa hakisikii amri yangu tena.

Bi Maimuna ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mato yako yamekuwa mekundu kama pilipili. Umekula nini wewe?"

"Uji wako."

"Uji wangu tumekula sote. Mimi mato yangu mekundu?"

Nikamwambia. Ya maziwa, ya boti, yote. Wanawake wakalipuka upya, mmoja akapiga kelele, "Basi huyu ndiye bibi harusi, mpambeni!" Lakini Bi Maimuna akaniuliza kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole, na uso wake ukabadilika.

Akaninyang'anya koni. Akasema, "Mwiteni Bi Khadija. Mbiyo."

Bi Khadija ni muuguzi, mke wa mjomba wake Rukia. Alikuja na mashine ya pressure, akanilaza kwa ubavu. Mapigo yalikuwa juu. Akaniuliza kama nina mimba, kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Akasema, "Shukuru Mola, ingekuwa hadithi nyingine."

Kisha akanieleza kitu ambacho ningekijua asubuhi nisingekuwa naandika uzi huu. Kungumanga haina haraka. Inachukua saa nyingi kupanda. Mtu anaonja, haoni kitu, anaongeza, anaongeza tena, halafu zote zinafika pamoja. Na hakuna dawa ya kuishusha. Unalala, unakunywa maji, mtu anakuchunga, na ukizidiwa unapelekwa hospitali.

Nililala nikiwa naona dari inashuka na kupanda kama kifua cha mtu. Raha ilikuwa imekwisha kabisa. Nilitapika mara mbili. Nilimshika Bi Khadija mkono nikamwomba asiondoke, na hakuondoka.

Niliamka asubuhi ya pili jua liko juu. Kichwa kizito kama kimejaa mchanga, mdomo bado mkavu, ila kuta zimesimama.

Kitu cha kwanza nikauliza, "Mkono wa kushoto?"

Rukia akauonyesha.

Ule mzabibu mzuri ulioota wenyewe ulikuwa mistari iliyolewa. Umepanda umepinda, majani mengine yamechorwa juu ya mengine, mstari mmoja umetoka umeishia kwenye kiwiko bila sababu. Ningeapa kwamba jana ulikuwa kazi yangu bora. Nikalia kwa sauti, kama mtoto.

Bi Maimuna hakunibembeleza. "Nyamaza, kitwa chaniuma." Akakoroga hina bakulini na kuukandika mkono wa kushoto wote kwa mtindo wa zamani, hina nzima nzima kutoka vidole mpaka juu ya kifundo, makosa yangu yakazama chini yake. Mstari wa kiwiko tukauacha ufichwe na mikono mirefu ya nguo.

Ikabaki miguu.

Nikamwambia Rukia atafute mtu mwingine. Nikanyoosha mkono aone. Ulikuwa unatetemeka, hauna kungumanga wala nini, ni ule ule wangu wa siku zote.

Rukia akaweka mguu wake juu ya paja langu. Ulikuwa unatetemeka kuliko mkono wangu. Kumbe siku zote mbili, chini ya leso, alikuwa hivyo, na sisi wote tunatazama mikono yake tu.

"Naolewa leo," akaninong'oneza. "Sijamwambia mtu kama naogopa. Chora tu, dada."

Nikachora. Sikufuta hata jani moja. Ukitazama karibu, mistari ina mawimbi madogo, na siwezi kuwaambia yapi ni ya mkono wangu na yapi ni ya mguu wake.

Jioni mama mmoja akaugeuza ule mkono mwekundu, akauliza mbona huu hauna maua. Bi Maimuna akamjibu, "Ndiyo fesheni, nyinyi hamtoki." Miguu nayo ikaulizwa nani kachora. Nikasema mimi.

Nililojifunza: kitu kuwa cha jikoni hakukifanyi kiwe salama, mwili hauna kitufe cha kurudisha nyuma, na ile raha ilinidanganya hata macho. Lakini zaidi ya hayo, nilikuwa natafuta dawa ya kutetemeka wakati mtu niliyekuwa nimemshika alikuwa anatetemeka pia, na tungeweza kuambiana tangu asubuhi ile.

Nimesema yangu bila kuficha. Wenye kazi za mikono humu, washonaji, vinyozi, wauguzi: siku ya kazi kubwa mikono yenu huwaje? Na mnamwambia nani? Nacheka nanyi, nichekeni tu.