Jina la Bibi, Damu ya Bibi

Mlango wa daktari pale hospitali, Singida mjini, haufungiki vizuri, na masikio yangu hayana adabu. Ndani alikuwa binti aliyetoka kujifungua, mguu umevimba kama mtungi, na shangazi yake kutoka Ihanja.

"Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuvimba hivi?" daktari akauliza.

Shangazi akapandisha kitenge taratibu mpaka gotini. "Mimi, kwa uzazi wa kwanza. Na marehemu mama, ndiyo ikamuua. Tulisema amekanyaga uchawi."

"Si uchawi, mama. Damu yenu ina upungufu wa protini inayoizuia isigande ovyo. Mnarithishana. Huyu tumemuwahi kabla donge la damu lililo mguuni halijafika kwenye mapafu."

"Mbona kaka yangu, baba yake, ni mzima?"

"Anaweza kuibeba asiumwe, akampa mtoto."

Mashamba tunagawana kwa vikao na matusi. Damu hugawa kimyakimya, na hakuna wa kukata rufaa.

Shangazi akamshika binti mguu kwa mikono miwili. "Tulimpa jina la mama ili mama asipotee," akasema. "Kumbe alishaingia kabla hatujamwita."