Kinundu Cheupe

Mwenzangu, tangu wiki iliyopita situlii. Nafanya kazi kwenye kitalu cha maua huku Midrand. Msimamizi alichomoa kijiti cha waridi tulichopanda, nikaona chini, pale kilipokatwa, pana kinundu cheupe. Nikasema kimeoza, tukitupe. Akacheka. Machipukizi ya juu, akasema, hutengeneza homoni, nayo hushuka hadi kwenye jeraha na kulundikana. Hapo panavimba, kisha mizizi inatoka. Hata ule unga tunaochovyea vijiti ni homoni ya namna hiyo, tunaviongezea nguvu tu.

Nikaduwaa, maana kinundu kile nilishakiona utotoni, tulipoishi mtaa wa Mayfair.

Babu alipofariki, mama alimleta bibi kutoka Tanga aishi nasi moja kwa moja. Mimi nilitaka abaki kuliko mtu yeyote. Nikitoka shule nakuta mkate wa kumimina wa moto, nyumba nzima inanukia iliki, na nywele zangu zimepata mtu wa kuzisuka bila haraka. Lakini bibi alizunguka vile vyumba viwili vya ghorofani akilalama, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, jembe lenyewe liko wapi?"

Alikuwa amekuja na kijiti cha mwasumini ndani ya kitambaa kibichi. Akakichomeka kwenye kopo la rangi, roshani, akatangaza: kikishika anakaa, kikikataa anarudi kwao. Basi mimi roho juu juu. Kila alfajiri, adhana ikiisha, namsikia anakichomoa kukitazama. Jirani yetu, fundi cherehani Mkongo, akamwambia, "Maman, uache iyo kijiti ilale." Wapi, hasikii.

Asubuhi moja akaniita. Chini ya kijiti pana kinundu cheupe. "Unaona? Kinaoza," akasema, akakitupa. Mama akamkatia tiketi. Nililia, nikakataa hata kumpungia mkono.

Sasa bibi amezikwa Tanga, roshani ile imezibwa kwa vioo, na mkate wa kumimina nanunua dukani. Juzi nikampigia mama simu kwa uchungu: mizizi ilikuwa njiani, bibi angebaki, tulimpoteza kwa kutojua.



"Mwanangu," mama akasema, "bibi yako aliuza miche ya mwasumini tangu sijazaliwa. Kinundu kile hakuna aliyekijua kumshinda."