Tulimtumia Bando

Mtaa wetu wa Temeke siku hizi unajisifu kwa teknolojia. Muuza mchicha anapokea malipo kwa simu, na hata fundi baiskeli ana ukurasa wake mtandaoni. Mimi ni fundi simu, maendeleo hayo ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo sina haki sana ya kuyatukana. Nitayatukana hivyo hivyo.

Nilipokuja kutoka bara na kupanga fremu yangu ya duka, kitu cha kwanza nilichopewa hapa kilikuwa kikombe cha kahawa. Mbele ya fremu zetu palikuwa na kijiwe: mabenchi, ubao wa drafti unaochezwa kwa vifuniko vya soda, na mzee mmoja, mwenyeji wa mji huu tangu babu zake, aliyekaa nyuma ya birika lake la shaba. Mkewe alishafariki, binti yake kaolewa Boko, naye aliishi peke yake katika chumba cha uani mtaa wa nyuma. Kahawa yake ilikuwa chungu kwelikweli na kashata zake zilikuwa adui wa meno. Lakini riziki zetu zote zilipita kwenye yale mabenchi. Fundi cherehani, dalali wa vyumba, wakala wa pesa za simu, sote tulipata wateja kwa kukaa pale. Mtu akiniletea simu mbovu simwambii arudi kesho. Namwambia akae anywe kahawa, na kabla sijamaliza kuifungua, dalali ameshampatia chumba.

Kijiwe kilikuwa na sheria yake. Mtu asipoonekana asubuhi mbili mfululizo, mmoja wetu anakwenda kumbishia hodi. Mzee ndiye aliyeisimamia. Anamimina, anatazama pengo kwenye benchi, anauliza, "Mwenye nafasi hii yuko wapi?" Nilipougua malaria mwaka wangu wa kwanza, alikuja mwenyewe na uji, akasimama mlangoni akinigombeza.

"We mtoto wa bara, unataka kufa kimyakimya humu ndani? Sie kwenu tukaseme nini?"

Kisha mwenye eneo akaamua pale mbele pajengwe fremu nyingine, na mabenchi yakang'olewa. Ng'ambo ya barabara pakafunguliwa mkahawa wa vioo wenye intaneti ya bure. Vijana wanakaa na laptop zao, kila mmoja kaziba masikio, kikombe kimoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Panapendeza, sikatai. Lakini ukifia pale watadhani unasubiri mtandao ufunguke.

Sisi tukahamia kwenye kundi la simu, tukaliita kijiwe vilevile. Nilimtengenezea mzee simu janja iliyotelekezwa dukani kwangu, nikamfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Mpango ulikuwa anayetaka kahawa aandike, mzee amletee kwa chupa ya chai hadi mlangoni. Mwanzoni tuliagiza kwa fujo. Baadaye kila mmoja alijikuta anakunywa peke yake, anatazama ukuta, na tukaelewa kwamba hakuna aliyekuwa akifuata kahawa pale. Maagizo yakapungua hadi yakakoma. Mzee akabaki na salamu zake za alfajiri, sauti imekwaruza: "Mmeamkaje wanangu?" Tulimjibu kwa alama ya dole gumba.

Asubuhi moja salamu haikuja. Kesho yake pia haikuja.

"Mzee kimya," dalali akaandika. "Bando la intaneti limemkatikia huyo."

"Wazee na bando wapi na wapi," akajibu fundi cherehani, akaweka vicheko.

"Mie namrushia la wiki sasa hivi," akaandika wakala, na kweli akarusha, akatuwekea picha ya ujumbe kuthibitisha.

Nikaona nitapitwaje, nikamrushia la mwezi. Kundi zima likatushangilia, Mungu awazidishie, mabraza wenye moyo. Siku ile nilifunga duka nikijiona mtu mwema. Kutoka kwangu hadi chumbani kwake ni karibu, muhindi wa kuchoma haupoi njiani.

Binti yake ndiye aliyemkuta, baada ya kupiga simu bila kupokelewa na kuamua kuja. Alikuwa sakafuni, upande mmoja umepooza kwa kiharusi, simu iko kitandani asikoweza kuifikia. Wapangaji wenzake walidhani kaenda Boko. Hospitali walimweleza binti kwamba angewahishwa, huenda ingekuwa hadithi nyingine. Alinisimulia hayo kwa upole, akaniuliza, "Kaka, si mlikuwa mnaonana naye kila siku?" Wiki haikuisha, mzee akafariki.

Tangazo la msiba niliandika mimi. Rambirambi zilimiminika mpaka simu ikapata moto: nyuso za machozi, mikono ya dua, Innalillahi kila mstari. Mmoja aliyehamia Kurasini aliandika kumbukumbu ndefu, nzuri, ya jinsi mzee alivyomlea mjini. Niliisoma nikalia.

Mimi ni Mkristo, mengi ya maziko ya Kiislamu siyajui, lakini kwa miaka yote niliyokaa Temeke nimeona jeneza linavyokwenda. Halikai begani kwa mtu. Kila hatua linaingia bega jipya, watu wanapokezana na kusukumana, kila mmoja anataka kumsindikiza marehemu hata kwa hatua chache. La mzee lilitoka mchana kweupe. Dalali alishika kona moja, fundi cherehani moja, wakala moja, mimi moja. Nilitembea nikisubiri mkono wa kunigusa mgongoni, mtu aniambie nipishe. Tukapita fremu mpya, tukapita mkahawa wa vioo, bega langu likaanza kuwaka. Nikageuza shingo kutazama ni nani atakayenipokea. Nyuma yetu palikuwa na imamu, mkwe wa mzee kutoka Boko, na bodaboda wanaotupigia honi tuwapishe. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, rambirambi bado zinaingia. Nililibeba hadi makaburini.