Jezi ya Ndani

Mwenzenu nina akili nyingi mno. Wazee wangu walikuwa wapeleke posa kesho yake, basi nikamdanganya baba yake Neema, mchumba wangu, kwamba mie ni shabiki wa timu yake. Akanipeleka uwanjani, Temeke. Nikavaa jezi ya timu yake, na ndani yake, ili roho isiniume, nikavaa ya watani wao wa jadi, timu yangu ya kweli.

“Mkwe wangu huyu, mwenzetu damudamu!” mzee akalitangazia jukwaa.

Wageni wakafunga. Sie watani hushangilia yeyote anayewafunga hawa. Nikaruka, nikavua jezi, nikaipunga juu.

Jukwaa zima likanigeukia. Mzee akanitazama kifuani, akatoa simu.

“Mama Neema, yule jogoo wa wageni wa kesho, mwacheni aishi.”