Mlango wa Rangi ya Damu ya Mzee

Nilipiga rangi magari ya watu kwa miaka mitano, kwenye gereji moja pale mtaa wa Gerezani, kabla sijajua kwamba kuna rangi ambazo macho yangu hayazitofautishi. Leo nalisema bila aibu. Siku nilipolijua sikuwa na ujasiri huu.

Watu wakisikia huniuliza, sasa uliwezaje? Niliweza kwa sababu jiji hili linaendesha magari meupe, meusi, ya kijivu na ya fedha. Gari linashuka bandarini na kibati chenye namba ya rangi yake. Mimi nilikuwa nanakili ile namba kwenye karatasi, naipeleka duka la rangi, mashine inachanganya, narudi na kopo langu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkono: kupiga msasa kwa maji, kufunika vioo na taa kwa magazeti, kupuliza rangi kwa mwendo mmoja bila kusita. Hapo nilikuwa mtu hatari. Rangi yangu haikuwahi kutoa machozi, yaani kuchuruzika, na wateja walikuwa wanakuja wakiniulizia mimi.

Mwenye gereji alikuwa mtu wa Songea, amepita miaka hamsini, mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Wote tulimwita Fundi. Magari machache ya rangi ngumu alikuwa anayashika mwenyewe, hasa yale yaliyopauka kwa jua, ambayo namba ya kwenye kibati haisaidii tena na inabidi uchanganye kwa jicho. Nilidhani ananibania.

Gari lililoniumbua lilikuwa la mama mmoja wa Kilimanjaro aliyeuza vitenge kwa jumla, duka lake likiwa mitaa michache kutoka kwetu. Lilikuwa gari dogo kuukuu, la rangi ya damu ya mzee. Lori lililokuwa linarudi nyuma kushusha mzigo lilikuwa limeubonyeza mlango wa dereva. Fundi bodi wetu aliunyoosha, ukapigwa puti ya kujazia mabonde, ukasuguliwa. Ukabaki kupigwa rangi, na hapo Fundi akapata msiba kwao, akasafiri.

"Hilo la mama lisubiri," aliniambia akifunga begi. "Nitalichanganya nikirudi."

Sikusubiri. Nilitaka arudi akute gari limeshaondoka na mteja amefurahi.

Asubuhi moja nilichukua nyekundu iliyokolea, nikatia nyeusi kidogo, nikaona bado inahitaji kahawia. Vile vikopo vidogo vya kutia matone vilikuwa vimeandikwa kwa kalamu, na thina ya kuyeyushia rangi ilishafuta maandishi zamani. Nikachagua kwa macho. Nikatia tone, nikakoroga, nikapaka kidogo kwenye kipande cha bati na kukiegemeza kwenye boneti. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Sawasawa kabisa. Fundi bodi alikuwa ameenda Ilala kutafuta bawaba, na majirani kila mmoja ameinamia lake. Nikapuliza mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, safi, bila chozi hata moja.

Yule mama alikuja alasiri, amejifunga kitenge juu ya gauni, funguo za duka zikining'inia kidoleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Limekuwa tayari?"

"Tayari kabisa. Karibu ulione."

Alizunguka gari, akafika upande wa dereva, akasimama. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama tena mlango.

"Baba, huu mlango ni wa gari gani?"

"Wa gari lako, mama."

"Hebu uangalie vizuri."

Nikaangalia. Nikainama nikaukagua kwa pembeni, jinsi mwanga unavyoteleza juu ya bati. Haukuwa na kasoro.

"Mama, mimi naona uko vizuri."

Nilitegemea apige kelele. Mafundi wawili wa gereji ya jirani walikuwa wameshasogea, na mmoja akaanza kucheka, akasema kwa sauti, "Kaka, hayo si matope hayo?" Yule mama hakumjali. Alikuwa ananisoma usoni, na nadhani aliona kwamba simdanganyi.

"Nawa mikono," aliniambia. "Twende dukani kwangu."

Tulikatiza barabara ya Msimbazi, yeye mbele mimi nyuma, tukipishana na mikokoteni na vijana waliobeba marobota ya nguo kichwani. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kujitetea. Nilifikiri ananipeleka kwa mumewe, au kwa mtu wa serikali ya mtaa.

Dukani alimwambia msichana wake wa mauzo akae pembeni. Kisha akavuta pea za vitenge kutoka kwenye shelfu, akazipanga mezani, zote za rangi moja moja zisizo na maua.

"Nipe ya damu ya mzee," akasema.

Nikampa. Msichana akaziba mdomo asicheke.

"Nipe ya kijani iliyokolea."

Hapo nikasita. Nikachukua moja, nikairudisha, nikachukua nyingine.

"Usibahatishe mwanangu. Hizi mbili unaziona ni moja?"

Nilizisogeza penye mwanga. "Zinafanana, mama. Hii imefifia kidogo tu."

"Hazifanani. Hii ni kama jani la mgomba. Na hii ni kama udongo wa kwetu mvua ikishanyesha." Akazikunja zote mbili taratibu. "Kaka yangu alikuwa hivi hivi. Shuleni alichapwa sana kwa kuchora mbuzi wa kijani, wakidhani anafanya utani, mpaka daktari wa macho akatueleza. Si ugonjwa, na si uzembe. Umezaliwa nayo."

Nilitaka kubisha. Lakini mambo yalianza kunirudia moja baada ya jingine, kana kwamba kuna mtu anafungua madirisha. Nilikumbuka kwetu Lindi, msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, nikichapwa kwa kuleta mabichi kila siku, mpaka nikajifunza kuyaminya kwa vidole kwanza ndipo niyachume. Nikakumbuka shati nililolinunua nikiamini ni la kahawia, rafiki zangu wakawa wananiita mgambo, kumbe lilikuwa la kijani kama sare zao. Kumbe miaka yote nilikuwa najificha, na hata mimi mwenyewe sikujua kama najificha.

"Mama, mlango wako…"

"Mlango wangu Fundi atautengeneza akirudi. Akifika tu mpe habari mwenyewe, kabla hajaipata kwa watu."

Sikurudi gereji moja kwa moja. Nilienda nikakaa bustani ya Mnazi Mmoja, kwenye ukingo wa njia wanapopita watu, nikawa natazama nguo zao. Kila gauni lililopita nilijiuliza, hili ni la rangi gani kweli? Mwanzoni nilihisi nimeibiwa kitu. Kisha nikaanza kupata hasira, halafu hasira nayo ikapita, nikabaki na swali moja la maana: kesho nitashika kazi gani?

Fundi aliporudi nilimpokea langoni. Sikumpa hata nafasi ya kushusha begi. Nilimpa pole ya msiba, nikamweleza yote, kuanzia vikopo mpaka vitenge. Alienda kuutazama ule mlango, kisha akakichungulia kile kikopo nilichokidhani cha kahawia: kilikuwa cha kijani.

"Miaka mitano," akasema. "Miaka mitano nakupa bunduki ya rangi."

"Sikujua, Fundi."

"Hukujua. Lakini nilikuambia usubiri." Hilo ndilo lililomuuma, na alikuwa na haki. Alinisema kwa dakika kumi nzima mbele ya watu, nami nikasimama mikono nyuma. Alipomaliza nikamwambia nilichokuwa nimekifikiria tangu siku ile pale Mnazi Mmoja.

"Nipe nyundo."

"Nini?"

"Niweke kwenye bodi. Rangi niondoe."

Alicheka, si kwa furaha. "Unadhani kunyoosha bati ni kazi ya aliyeshindwa rangi? Rangi inaficha. Bati halifichi."

"Nijaribu, Fundi."

Kulikuwa na boneti la pikapu lililokuwa limelazwa kwenye mafremu mawili, limenyooshwa na fundi bodi, linasubiri puti. Bila kuambiwa nikaweka kiganja juu yake nikakipitisha polepole, macho kwingine. Miaka mitano ya kupiga msasa ilikuwa imenifundisha kitu ambacho sikuwa nimekipa thamani. Kila bonde na kila kilima nilikuwa nakijua kwa ngozi. Nikachukua chaki nikazungushia sehemu tatu zilizokuwa bado na bonde. Fundi akapitisha mkono wake kwenye ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Ya pili, akaitikia. Ya tatu alirudia mara mbili, kisha akamwita fundi bodi naye aguse.

"Ipo," fundi bodi akasema, bila kupenda sana.

Nilianza siku hiyo hiyo. Sitasema ilikuwa rahisi. Miezi ya kwanza nilipiga nyundo kwa nguvu mno, bati likavutika na kulegea kama kifuniko cha sufuria, likawa linabonyea na kurudi kila ukiligusa. Nilijifunza kushika chuma cha kuegemeza upande wa ndani na kugonga kwa nje kidogo kidogo, kuanzia pembezoni mwa bonde kuelekea katikati, na kuliacha bati lirudi lenyewe linakotaka kwenda. Bati lina kumbukumbu ya umbo lake. Ukiwa na subira linakuonyesha njia.

Mwaka uliofuata yule mama alirudi. Mkokoteni wa magunia ulikuwa umeparamia ubavu wa nyuma wa gari lake, na bonde lake lilikuwa pana kama sinia la pilau.

"Nataka yule kijana wa mabibo," alimwambia Fundi, maana habari za mabibo nilishamsimulia siku moja nilipopita dukani kumsalimia.

Lilinichukua siku mbili na nusu. Nilipomaliza hapakuhitajika puti, ila utando mwembamba tu, kama siagi kwenye mkate. Rangi alichanganya Fundi, na yule mama akasimama kando yake akitoa maelekezo, ongeza hiki, punguza kile, mpaka Fundi akamuuliza kama anatafuta ajira. Ilipokauka, mama alifumba macho akapitisha kiganja chake kuanzia mlango wa nyuma mpaka kwenye taa.

"Mkono hauoni pa kusimama," akasema.

Sasa nina sehemu yangu mwenyewe, si mbali na pale. Fundi amerudi Songea kulima, na tunaongea kwa simu. Kazi ya rangi naipeleka kwa dada mmoja mwenye jicho kali ambaye tumepanga naye kibanda kimoja, na mteja akiniuliza habari za rangi namwonyesha huyo. Mimi ni mtu wa bati. Wanaonunua magari ya mkononi huniita kabla hawajatoa pesa, nami nazunguka gari mara moja, kiganja mbele. Muuzaji huwa anaanza kueleza kwamba gari halijawahi kuguswa, lilikuwa la mwalimu, linalala ndani. Namwacha amalize. Kisha naweka kidole pale lilipogongwa, namwambia na lilivyogongwa, kwa mbele au kwa ubavu, na kama aliyelinyoosha alikuwa na haraka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunibishia mara ya pili.